Ratiba na Safari ya Kilimani

Mtaani kwetu anaitwa Ratiba, na jina hilo analipenda, maana hajui kwamba watu wanamcheka nalo. Kazi yake ni kupanga zamu katika kiwanda cha sabuni: nani aingie asubuhi, nani jioni, nani apumzike. Ni kazi halali, na kiwandani pengine wanamhitaji. Ubaya ni kwamba jioni anarudi nayo nyumbani, kama mchinjaji anayekaa mezani na kisu chake cha buchani. Ukuta wa nyumba yao ndio ukuta wa nyumba yangu, na ni mwembamba, kwa hiyo haya sikuhadithiwa.

Mama yake amefua nguo za watu tangu ujana. Wateja wake wengi walikaa kwenye mteremko wa kile kilima kinachoonekana kutoka kila kona ya mji. Alikipanda na furushi kichwani mpaka nyumba ya mwisho, chini kidogo ya geti la bustani, na hapo aligeuka. Huko juu ya geti ndiko kuliko na vitu ambavyo watu hutoka mbali kuja kuviona: roshani ya kutazamia mji, banda la ndege, makumbusho madogo, na vigari vinavyoning'inia kwenye waya. Yeye aliyajua yote hayo kwa kusimuliwa na wapishi wa watu.

Mwaka jana macho yake yakaanza kumsaliti. Daktari alisema ni presha ya macho: yanafungika kuanzia pembeni, na kilichofungika hakifunguki tena. Matone yatachelewesha tu. Mama akashukuru, akarudi nyumbani, akaomba jambo moja. Anataka apande mpaka juu autazame mji, na nyumba yake ndani ya mji, angali anaona.

"Twende Jumapili," alisema binti yake, ambaye ni msusi na saluni yake ni chumba cha mbele cha nyumba hiyo hiyo.

Ratiba akanyoosha kiganja kama askari wa barabarani. "Mama hapelekwi kama furushi. Mkubwa hapa ni mimi. Hii safari itapangwa."

Mama aliwalea wanawe wasimruke mkubwa wao, akaona haya kuivunja sheria yake mwenyewe. Akasema atangoja. Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Ya huyu mama iliumiza macho.

Kwanza Ratiba alitengeneza zamu. Nani atakaa karibu na mama, nani atabeba maji, na kila mtu atashika darubini ya roshani kwa mpangilio gani. Mama akawekwa wa mwisho, kwa sababu kiwandani kwao mfanyakazi mkongwe hupewa zamu ya mwisho, iliyo nyepesi kuliko zote.

"Ni heshima," alieleza.

"Heshima gani, kaka? Mpaka zamu yake ifike, jua litakuwa limeshakwenda kwao."

"Ndiyo maana wewe unasuka na mimi napanga."

Kisha ukaja ukaguzi. Mtu mzima, mwenye akili zake, alianza kupanda kilima kila Jumamosi peke yake, kofia kichwani na kamera shingoni, ati anaikagua safari. Alikagua banda la ndege. Alikagua makumbusho. Vigari vya waya alivipanda kwenda na kurudi, na wiki iliyofuata akavipanda tena ili alinganishe. Aiskrimu aliikagua kwa moyo wote, mpaka muuzaji akawa anamwita rafiki yangu. Akirudi alivuta kiti mbele ya mama yake na kutoa taarifa, na mimi nilimsikia kama niko naye chumbani.

"Vyoo vya juu si vibaya, mama. Ila benchi za upande wa maua zina jua kali."

"Na nyumba yetu inaonekana?"

"Hilo nitaliangalia safari ijayo."

Hakuliangalia. Jumamosi nzima nzima alisimama pale juu, mji wote uko miguuni pake, asikumbuke kuitafuta nyumba ya aliyemzaa.

Tarehe nazo zilikuwa zikifika na kuahirishwa. Mara mawingu hayampendezi. Mara tungoje mijakaranda ichanue, picha zitoke vizuri. Mijakaranda ikachanua, ikapukutika, na yeye yuko kwa fundi akibishana kuhusu fulana za sare, maana familia isiyo na sare, alisema, inaonekana kama abiria waliokutana njiani. Wakati huo mama ameanza kumimina chai kando ya kikombe. Siku moja alilikaribisha koti lililotundikwa mlangoni, akaliuliza habari za nyumbani. Alipogundua alicheka sana. Msusi hakucheka.

Ratiba akachukua likizo kazini, kwa ajili ya maandalizi ya mwisho, na asubuhi ya kwanza ya likizo akapanda kilimani. Haukupita muda msusi akagonga mlango wangu. Saluni ameifunga, na mama yuko nyuma yake amevaa viatu vya kutokea.

"Jirani, una kazi leo?"

"Ninayo, lakini inangojeka."

"Basi mshike mama mkono wa pili. Tunapanda."

"Na kaka yako?"

"Yuko huko huko. Tukimkuta, tumemkuta."

Tulipanda polepole. Njia aliijua mama kuliko sisi, na mahali penye ngazi mbovu alituonya yeye. Tulipofika getini alisimama, akalipapasa kwa kiganja.

"Kumbe ni geti tu," akasema, akapita.

Roshanini tulimweka kwenye ukingo. Siku hiyo kulikuwa na mawingu, na mijakaranda haikuwa na ua hata moja. Alikuwa amebakiwa na tundu dogo la kuonea, kwa hiyo aliutazama mji kipande kipande, akigeuza kichwa taratibu kama mtu anayetia uzi kwenye sindano. Akapata tangi la maji. Akapata paa refu la soko. Akaifuata barabara mpaka mtaani kwetu.

"Lile paa lenye matairi juu ya bati ndilo letu?"

"Ndilo hilo, mama," alisema msusi.

"Paa baya namna hiyo," alisema mama, "na watu nawakaribisha ndani." Kisha akashika chuma cha ukingo kwa mikono miwili, akaendelea kulitazama.

Ratiba alitokea upande wa vigari, aiskrimu inamchuruzika kwenye vidole. Alipotuona alikunja uso kama mtu aliyekuta wezi.

"Mnafanya nini hapa? Tarehe bado. Fulana hazijaisha."

"Tunakagua," alisema msusi.

"Mmeharibu kila kitu. Mama, usitazame upande wa mto, huo nimeupanga baada ya chakula." Akaja akasimama mbele yake, mgongo kwenye ukingo, akaanza kumwonyesha kwa aiskrimu nini kiko wapi na kitatazamwa lini.

Mama alimsikiliza kidogo. Kisha akanyoosha mkono, akamgusa kifuani.

"Sogea, baba. Nimebakiwa na nafasi ndogo ya kuonea, na wewe umesimama ndani yake."

Alisogea. Alikwenda kukaa kwenye benchi, ile ya upande wa maua, akamaliza aiskrimu yake. Mama alirudi kwenye matairi yake, akaanza tena kuifuata barabara, safari hii kuelekea mtoni.