Chozi katika Yasmini ya Bi Mahfudha

Jambo la kwanza nililoliona kwa Bi Mahfudha, niliporudi Lamu baada ya miaka minne ya masomo Unguja, ni kwamba hakunitazama. Alininyoshea mkono niubusu, lakini macho yake yalikuwa juu ya bega langu, kwenye mti wa yasmini uliomo kiwandani, ule ua wa ndani ya nyumba yake.

"Rudi nyuma hatua tatu, mwanangu, polepole," akasema. "Kanzu yako nyeupe inamtisha."

Aliyetishwa ni chozi, ndege asiyezidi kidole cha kati kwa urefu, mwenye mdomo mwembamba uliopinda. Alikuwa amening'iniza kiota tawini, mfano wa mfuko mdogo wenye mlango ubavuni, uliofumwa kwa majani makavu na utando wa buibui. Ndani yake walikuwamo makinda wawili walioanguliwa juzi yake.

Bi Mahfudha ni khalati yangu, dada mkubwa wa mama. Ni mjane, na kazi yake ni kushona kofia. Hakusoma ila chuo cha Kurani, lakini siku ile niliona haya kwa nisiyoyajua. Nilimweleza kwa fahari kwamba samaki hula viluwiluwi vya mbu. Akanipeleka kwenye birika la chooni, akanionyesha samaki wadogo ambao nyumba yetu imewafuga humo kwa kazi hiyo hiyo tangu enzi za bibi yake. Mijusi wa darini anawajua mmoja mmoja, na anajua ni yupi amwogopaye mwenzake.

Habari ya nguo nyeupe aliijua kwa hasara. Mwaka juzi paka aliwala makinda. Mwaka jana fundi wa chokaa aliingia mara mbili amejifunga shuka nyeupe, chozi akahama na mayai yakapoa. Bi Mahfudha akajiuliza: kilichomkimbiza ni mtu, au ni nguo? Kaskazi hii, ndege alipokuwa bado anafuma kiota, alisimama kwa mbali siku moja amejitanda shuka nyeupe, na siku ya pili amevaa kaniki, ile nguo nyeusi ya jikoni. Alipovaa nyeupe ndege aliruka. Alipovaa kaniki ndege aliendelea na kazi yake. Akarudia mara tatu ndipo akaamini. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa shuleni kulipima jambo, nami sikuwahi kulipima lolote.

Sasa alitaka kitu kimoja tu: kuwaona makinda wakiruka kutoka kiotani, jambo ambalo hajaliona maishani mwake. Kikwazo kilikuwa arusi.

Jirani yetu Bi Nana alikuwa akimwoza binti yake Kulthum kwa Hamdun siku ya Alhamisi ya juma la pili, na tangu siku ya posa aliahidiwa yasmini hii kwa mashada ya bibi arusi. Jua la kaskazi lilikuwa limezikausha yasmini za mtaa mzima. Hii tu, inywayo maji ya kisima kila asubuhi, ilikuwa imejaa maua. Bi Mahfudha akaomba mti usiguswe. Bi Nana akatuma salamu kwamba aliyeposa ni Hamdun, si ndege. Akatuma tena kwamba kama makinda ndio wageni wa heshima, basi wapikiwe wao pilau. Khalati alicheka, lakini ilimuuma. Ni jirani yake wa miaka thelathini, na ahadi aliitoa kwa kinywa chake.

Alhamisi adhuhuri nilitolewa nyumbani mara Kulthum alipobisha hodi, kwa kuwa bibi arusi haonwi na wanaume. Yaliyofuata nilisimuliwa na khalati. Kulthum, aliyekuwa amewekwa ndani siku nyingi kama ilivyo ada, alimwacha mama yake akisinzia, akavuka wikio, kile chumba kilicho mfano wa daraja kinachounganisha nyumba zetu mbili juu ya kichochoro. Alitaka kumwona huyo ndege aliyemzuilia maua. Bi Mahfudha akamvika kaniki, na msichana mwenye hina hadi viwikoni akaanza kuchuma ua moja moja, huku chozi akiingia na kutoka na wadudu mdomoni.

Hapo Bi Nana akatokea mlangoni.

"Kulthum. Bibi arusi na nguo ya jikoni?"

"Ukitaka kugomba, dada, vaa na wewe kwanza," Bi Mahfudha akanong'ona, akamtupia kaniki ya pili.

Bi Nana aliishika asijue aitupe au aivae. Mlangoni mwa kiota vikatokea vinywa viwili vya manjano. Akaivaa, akasogea.

"Mbona wana mato makubwa hivyo?" aliuliza kwa sauti ya chini, macho kwa macho na makinda, naye akaanza kuchuma.

Arusi ilipita kwa heri. Hamdun amehamia nyumbani kwa mkewe, kama ada yetu, na kila asubuhi Kulthum hutuma mtu wikioni kuuliza kama wamekwisha kuruka. Bado.

Leo ni siku ya kumi na tano tangu waanguliwe. Mkubwa amesimama mlangoni mwa kiota tangu alfajiri, anayatanua mabawa na kuyakunja. Mama yake yuko tawi la pili na mdudu mdomoni, hampelekei, anamwita. Bi Mahfudha ameiweka kofia mapajani, sindano imo kitambaani tangu asubuhi haijapita uzi. Mimi naandika haya nimeketi ngazini.

"Weka kalamu, mwanangu," ameniambia. "Wataruka, nawe mato yako kwenye karatasi."

Kinda amesogea mbele tena.