Mama Wabiwa Hakuanza kwa Do

Siku ile ninaikumbuka, mwanangu, na kila nikiikumbuka najikasirikia upya. Na wewe Jumapili iliyopita umenikumbusha kwa nguvu! Mama mzima amesimama mbele ya kanisa, amefungua kinywa, wewe unamwonyesha kwa mkono angoje, eti unatafuta kwenye kinanda chako kitufe cha transpoze, kile cha kupandisha na kushusha sauti. Ah! Nilitamani nije nikuvute sikio.

Sikiliza. Nilikuwa mwaka wa pili wa muziki, hapa hapa mjini Baraka, katika chuo kikuu cha Kikristo. Kutoka kwetu Mboko nilikuja na sifa: mpiga piano wa kanisa, kijana wa maana. Kumbe nilijua kupiga kwa do peke yake. Vidole vyangu vilikaa kwenye meupe tu, yale mabao meupe ya kinanda. Wimbo ukianza juu zaidi au chini zaidi, nabonyeza kitufe, mashine inanisogezea sauti, na watu wanasema huyu mutoto ana kipaji. Mwalimu alinionya mara nyingi: "Jifunze na meusi, we kijana." Nikaitikia ndiyo, na sikujifunza. Mficha uchi hazai, nami niliuficha vizuri sana.

Mtihani wa mwisho wa mwaka ulikuwa kusindikiza kwaya ya bamama katika ibada, kwa harmonium, kile kinanda cha zamani cha kukanyaga kwa miguu. Hicho hakina kitufe hata kimoja. Basi nikajifanya mjanja. Nikamwendea Mama Wabiwa, ambaye ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo zote za kwaya, nikamwambia aanze kwa do, mimi nitampa sauti. Akacheka. "Tutaona, baba," akasema.

Jumapili ya mtihani ikafika, na kwake haikuwa Jumapili yoyote tu. Mwanawe alikuwa amepotea ziwani siku tatu, mtumbwi ukisukumwa na upepo, na alikuwa amerudi mzima. Wimbo ule ulikuwa shukrani yake. Nikampa do. Akafunga macho, akaanza mahali pake mwenyewe, chini kabisa, kwa sauti ya mama aliyelia siku tatu. Nami, sijui ni shetani gani, nikainua mkono nikamkatiza mbele ya Mungu na watu: "Mama, hapana! Anza kwa do!"

Akajaribu. Sauti ikapanda, ikakatika. Wako waliocheka. Akaketi, akajifunika uso kwa kikwembe alichojitanda.

Bamama wakainuka bila kuambiwa, wakamwanzia wimbo pale pale chini, naye akasimama tena, kanisa zima likaimba. Mimi je? Nagusa hapa, siyo. Nagusa pale, aibu tupu. Mwalimu akaja taratibu, akafunika kinanda, nusura vidole vyangu vibaki ndani.

Nje, Mama Wabiwa akanishika mkono. Nilingoja matusi. "Mutoto," akasema, "mi niliita Mungu siku tatu na hii sauti, akanisikia. Leo we unaniambia iko mubaya? Ni we wa kunifuata. Tafuta fasi yenye niko."

Mwaka ule niliurudia wote, wenzangu wakisonga mbele. Kila asubuhi nikakanyaga harmonium, meupe na meusi, mpaka magoti yakauma. Haraka haraka haina baraka, na sisi tunalala Baraka, tunaamka Baraka, bado hatusikii!

Shika hili, mwanangu: anayesindikiza hatangulii. Mwimbaji akishaanza, wewe ndiye wa kusogea, siyo yeye. Na usichokijua, kikiri mapema kwa mwalimu wako. Ujinga ulikuwa wangu mimi, lakini aliyejifunika uso alikuwa Mama Wabiwa. Mpaka leo hilo halijanitoka.

Kile kitufe nimekiziba jana kwa gundi, usijisumbue kukibandua. Jumapili mama yule uliyemngojesha ataimba tena. Mungu abariki masikio yako kwanza, kisha vidole vyako; na siku utakayomwita kwa sauti iliyokatika, akukute pale pale ulipo.