Siku bibi alipokataa kopo la mafuta ya nguruwe mbele ya ukoo

Wakuu, wakubwa shikamooni, wenzangu mambo.

Mimi ni binti wa form three, naishi na bibi yangu hapa Mshangano, Songea. Darasani sinyooshi mkono hata jibu nikiwa nalijua. Mambo yangu huwa yanaishia kwenye diary. Ila hili nimeshindwa kulificha, na sijaongeza chumvi.

Bibi ana kisukari miaka mingi. Kwenye sukari yuko vizuri. Chai hatii sukari, soda hagusi, dawa hasahau.

Shida ikawa miguu. Akienda kanisani anasimama njiani, vigimbi vinauma.

Kliniki wakampima mafuta kwenye damu. LDL, yale mabaya, juu; triglycerides, mafuta mengine ya kwenye damu, juu; HDL, yale mazuri, chini. Daktari akamwongezea dawa, akasema mishipa ya miguu imeanza kuziba na moyo nao uko hatarini. Apunguze mafuta, hasa ya wanyama.

Tunarudi, bibi ananiambia, "Mafuta si nilishaacha? Hata ya dukani sinunui tena."

Kweli hanunui. Anapikia ya nguruwe!

Hapa niwaeleze. Kwenye ukoo wetu nguruwe akichinjwa, mafuta yanayeyushwa na kopo la kwanza anapelekewa bibi. Ndiyo heshima yake. Na yeye aliamini kinachoumiza ni cha dukani, cha nyumbani ni cha asili, hakina neno.

Nikamfuata jikoni. Nikamwambia afikirie malori ya mahindi ya kutoka Namtumbo. LDL ni lori la kupeleka mzigo wa mafuta mwilini. Yakizidi, magunia yanamwagika njiani, barabara, yaani mshipa wa damu, inabanwa. HDL ni lori la kuokota yaliyomwagika. Mwenye kisukari mara nyingi malori ya kuokota yanampungukia, hata kama sukari anaichunga.

Akacheka. "Kwa hiyo mimi ni barabara?"

"Ndiyo bibi."

"Ya lami au ya vumbi?"

Halafu akaligeukia kopo lake. "Sasa kopo la wanangu nitalikataaje? Watasema nimewasusa."

Haikupita muda, baba mdogo akachinja nguruwe, mwanaye amepata kipaimara. Ukoo wote uko uani. Kopo likaletwa limejaa pomoni, bibi akanyoosha mikono apokee.

Nikasikia mtu anasema, "Bibi, usipokee."

Kumbe ni mimi.

Baba mdogo akanigeukia. "Bubu wetu leo kaongea! Na cha kwanza unamnyima mama yangu haki yake?"

Watu wakaangua kicheko.  Lakini nilikuwa nawaza mguu wa bibi tu.

Nikasema, "Baba mdogo, mishipa ya miguu ya bibi inaziba, na haya mafuta yanaongeza. Ikiziba kabisa, mguu unaweza kukatwa. Kopo mnaweza kumpa mtu mwingine. Mguu mwingine mtamtolea wapi?"

 

Bibi akashusha mikono. "Mmemsikia daktari wangu. Mimi nileteeni dagaa wa Nyasa. Heshima ni ileile."

Juzi amepimwa tena. LDL imeshuka, triglycerides zimeshuka. HDL bado inajikongoja. Dawa anameza, kila jioni tunatembea wote, na kanisani sasa anafika bila kusimama.

Jumuiya wakimuuliza anatumia nini, ananinyooshea kidole. "Muulizeni huyo." Naangalia chini, lakini nawajibu. Nasikia raha jamani, siwadanganyi.

Nilichojifunza: mwenye kisukari asiishie kupima sukari tu, aulize na mafuta kwenye damu. Na mafuta ya nyumbani nayo ni mafuta.

Baba mdogo kachinja tena wiki iliyopita. Alikuja na kopo lilelile, kalishika kwa mikono miwili kama zamani. Bibi akafunua.

Dagaa, hadi juu.

Haya wakuu, wenye wagonjwa nyumbani nielezeni. Kwenu kopo la heshima lina nini ndani?