Ripoti Tisa za Miradie

Mwende aliogesha wazee huko Edmonton, Kanada, kwa miaka sita kabla ya kujifunza kuandika programu, kwa hiyo kampuni yake ya kuhudumia wazee ilipomwambia atengeneze tovuti ya zamu na ripoti, kazi hiyo aliijua vizuri. Hila zake pia alizijua. Wapo wanaojaza ripoti ya mzee wakiwa bado kwenye basi.

Ndiyo maana meneja wao, Bharti, alipomwita kuhusu Miradie, mfanyakazi mpya, hakushangaa. Siku tisa zilikuwa zimepita na Miradie hakuwa na ripoti hata moja. Tena kwa mzee mwingine kabisa zilionekana ripoti tisa za ziada, zote kwa jina la mfanyakazi mwingine, Wanjohi. Bharti alihisi hao wawili wanalindana katika jambo fulani. Mwende alikubaliana naye, na Miradie akasimamishwa kazi.

Alipoitwa ofisini, Miradie hakujitetea sana. Alisema kila asubuhi alifungua linki aliyotumiwa, akaandika. Ukurasa hauonyeshi majina, kwa ajili ya siri za wagonjwa. Huyo Wanjohi, alisema, yeye hamjui. Mwende alimtazama usoni akitafuta dalili ya uongo, kisha akaomba simu yake.

"Dada, hata wewe unaniona mwongo?" Miradie aliuliza.

Mwende alikuwa anasoma namba zilizo kwenye anwani ya linki: 52, halafu 14. Miradie alikuwa mfanyakazi namba 52 na mzee wake namba 14. Lakini mwezi uliopita Mwende mwenyewe alikuwa amegeuza mpangilio, mzee atangulie, mfanyakazi afuate. Programu ya kutengeneza linki ilipokea namba tupu, bila kuambiwa ipi ni ya mzee na ipi ya mfanyakazi, ikazipanga kama zilivyofika. Alikuwa amerekebisha kila mahali isipokuwa kwenye ujumbe wa wafanyakazi wapya, na mpya alikuwa mmoja tu. Tovuti ilisoma mzee 52, mfanyakazi 14. Kwa wafanyakazi, namba 14 ilikuwa ya Wanjohi.

"Kosa ni langu," alimwambia Bharti. "Hawa hawajafanya lolote."

Siku hiyo hiyo aliandika upya sehemu ile, kila namba iitwe kwa jina lake, ya mzee au ya mfanyakazi, ili mpangilio usiweze kuzichanganya tena.

Miradie alirudi kazini Jumatatu. Mwende alimwomba radhi, naye akaitikia kwa upole. Ila sasa hatumi ripoti bila kuipiga picha kwanza, na picha hizo humpelekea Bharti, si Mwende.