Neno Aliloogopa Bwana Jaafar

Bwana Jaafar alianza Kikorea akiwa na miaka sabini na mmoja, barazani kwake kisiwani, mtaa wa Mkomani. Mwalimu wake alikuwa Fahima, mjukuu wa nduguye, aliyekiokota kwenye tamthilia za simuni.

"Halmoni ni bibi. Harabeoji ni babu. Imo ni mama mdogo."

"Na mke?"

"Babu! Na uzee huu?"

"Nifunze, usinicheke."

"Anae."

Akaliandika daftarini. Binti yake wa pekee, Huwaida, aliolewa na Mkorea aliyesilimu, wakahamia Busan. Orofa aliyompigia chokaa kwa mikono yake, enzi ambazo baba alimpa bintiye nyumba na binti akakaa, ilibaki na kufuli. Sasa Huwaida angekuja mwezi wa Rajabu na mwanawe Razan, wa miaka mitano, ambaye babu yake hajapata kumgusa.

Ijumaa, baada ya alasiri, simu ikaita. Kwenye kioo Razan alikuwa amepakatwa na bibi yake mzaa baba. Jaafar akamwita mjukuu kwa utani, kama babu zake wote walivyoita wajukuu wao.

"Razan! Anae! Mke wangu!"

Uso wa yule mama ukakauka. Kioo kikaonyesha dari, kisha giza.

Siku nne simu haikuita. Kila Jaafar akifumba macho aliliona kaburi lake, na mtoto akipita kando bila kujua ni la nani. Siku ya tano Huwaida akapiga, analia.

"Baba, mama mkwe anasema mtoto haji. Anasema kwetu wasichana wadogo huozwa wazee."

"Babu yako hakukuita mkewe, mtaa mzima ukicheka?"

"Aliniita. Nimemweleza, haamini. Huku hakuna utani huo."

"Nti gani hiyo isiyo na utani wa babu na mjukuu?"

"Ndiyo nti ya mjukuu wako, Baba."

Usiku ule Fahima akamfunza neno la kumwitia mama wa mkwewe, la mjukuu, na la kuomba radhi. Asubuhi Fahima akamshikia simu.

"Sabuin," akasema. "Razan, sonnyeo. Mimi, harabeoji. Mianhamnida."

Yule mama akainamisha kichwa. Huwaida akatafsiri: mtoto atakuja, lakini yeye mwenyewe atafuatana naye.

Rajabu ikafika. Boti kutoka uwanja wa ndege wa Manda ilipogusa gati, Amjad mchukuzi akamwona mtoto, akapaza sauti:

"Bwana Jaafar, mkeo huyoo! Mahari tayari?"

Watu wakacheka. Yule mama akamgeukia Huwaida, akauliza mtu yule anasema nini. Jaafar akamshika mchukuzi bega.

"Nyamaza, Amjad! Nakuomba, nyamaza!"

Huwaida akajibu kwa neno fupi kwamba ni ule utani. Yule mama akauachia mkono wa mtoto, polepole.

"Harabeoji," Razan akasema.

"Sonnyeo," akajibu Jaafar. Akamshika kwa ncha za vidole tu, jicho lake kwa yule mama, na hakuthubutu kumnyanyua.