Kidole Gumba cha Afande

Shangazi yangu alishinda na bastola kiunoni, na mumewe ni mtu wa kushtuka tairi likipasuka barabarani. Sijui nani aliwakutanisha, ila alifanya kazi nzuri. Shangazi alikuwa mlinzi wa ghala la dawa, mumewe fundi cherehani mtaa wa pili tu kutoka hapo. Watu wote walimwita Fundi, na shangazi naye akamwita hivyo hivyo. Fundi yeye alimwita mkewe Afande, hata mezani akiomba chumvi.

Mimi ni mtoto wa kaka yake shangazi, na nakaa kwenye cherehani ya pili dukani kwa Fundi, kwa hiyo mapenzi yao niliyaona kwa karibu kuliko nilivyopenda. Yalikuwa na sharti moja. Siku shangazi alipopewa kazi ya silaha, Fundi alimwambia, "Afande, hayo madude yabaki hukohuko. Mlangoni kwangu uingie wewe peke yako." Shangazi akakubali, na tangu hapo habari za kazini hazikuvuka kizingiti. Alirudi jioni, akavua koti, akauliza nani kashonewa nini, basi. Ndiyo maana habari ya kidole nilichelewa kuipata.

Utaratibu wa pale ghalani uko hivi. Asubuhi mtunza silaha anakupa dirishani bastola, magazini tupu, na risasi zake kwenye trei. Unajaza mwenyewe mezani. Jioni unarudi, unazitoa risasi moja moja kwa mkono wako, unazipanga kwenye trei, naye anahesabu. Hakuna kumtolea mwenzako. Aliyejaza ndiye anayetoa, ili risasi ikipotea ajulikane wa kuulizwa. Na ikipotea hakuna maelezo marefu: unavua mkanda siku hiyo hiyo na unaenda zako.

Asiyejua anadhani kutoa risasi kwenye magazini ni kama kumimina karanga. Magazini ni kibati chembamba chenye springi ndani. Springi inazisukuma risasi juu, na midomo ya kibati imejikunja kuzizuia zisitoke. Ili uitoe moja, lazima uisukume kwa kidole gumba iteleze mbele chini ya ile midomo, na magazini ikiwa imejaa, springi imebanwa na kila kitu kinagoma. Kujaza, shangazi aliweza. Alisimamisha magazini mezani akaiegemea kwa uzito wake, na uzito Mungu alimjalia. Kwenye kutoa hakuna cha kuegemea. Ni wewe na gumba lako.

Na gumba la shangazi lilikuwa limeanza kuvimba kwenye shina lake. Kwanza jioni tu, baadaye mchana kutwa. Foleni ikawa inarefuka nyuma yake pale dirishani, walinzi vijana wakitaka kurudi makwao.

"Mama, tuagize magodoro?" mmoja alimuuliza siku moja.

"Agiza," shangazi akasema bila kugeuka. "Na la kwako lifunikwe plastiki, usije ukalilowesha."

Walicheka, naye akacheka nao, lakini aliumia. Alikuwa mwanamke pekee pale mwenye kubeba silaha, na aliipenda ile kazi kama mimi nisivyowahi kupenda kazi yoyote. Ukiondolewa kwenye silaha kwa ugonjwa, unawekwa getini kuandika namba za magari, na shangazi alisema wa getini ni kama kitasa, anafunguliwa na kufungwa.

Basi akabuni njia yake. Magazini isiyojaa springi yake ni laini, risasi zinatoka kwa kuguswa. Akawa asubuhi anawageuzia mgongo wenzake, anajaza chache, nyingine anazitia mfuko wa ndani wa koti. Jioni anatoa zile chache, anazichanganya kwenye trei na za mfukoni, hesabu inatimia. Foleni ikaenda mbio. Vijana wakamsifu kwamba amepona, na yeye, bila haya hata kidogo, akawaambia ni mazoezi.

Kilichomshtaki ni mfuko. Risasi ni nzito jamani, na bitana ni kitambaa tu. Fundi alikuwa ameushona ule mfuko, ukachanika, akaushona tena.

"Afande, humu unabeba nini?"

"Funguo."

"Za gereza?"

Shangazi akaomba chai. Fundi akakata uzi kwa meno na hakuuliza tena.

Siku yenyewe nilimpelekea chakula cha mchana, nikamkuta ameshika koti kifuani kama mtu mwenye baridi, na jua linawaka. Mfuko ulikuwa umeachia. Akaenda nyuma ya kibanda cha walinzi, akahamishia vitu vyake kwenye suruali, akarudi kunipa koti. "Mwambie Fundi alishone haraka, kabla sijatoka." Hakujua kwamba risasi moja ilikuwa imepenya kwenye tundu na kuteremka ndani ya bitana.

Kazi zilikuwa nyingi, Fundi akalishika lile koti jioni. Alipofumua bitana, risasi ikadondoka mezani, ikabingirika hadi kwenye mkasi. Nikaacha kukanyaga cherehani. Nilijua sharti la nyumba ile, nikasubiri apandishe hasira, nami nikaanza kutafuta maneno ya kumtetea shangazi.

Fundi aliitazama ile risasi. Kisha akaniuliza, "Wanahesabu saa ngapi?"

"Sasa hivi," nikasema.

Akachukua kopo la vifungo akalimwaga lote sakafuni. Huyu ni mtu anayeweza kunisema siku nzima kwa kifungo kimoja kilichopotea. Akaweka kipande cha pamba ndani, akaisukuma risasi kwa rula mpaka ikaingia, na tukatoka. Njia nzima alilibeba kopo kwa mikono miwili mbele yake kama kikombe kilichojaa chai ya moto. Sijawahi kumpenda kama jioni ile.

Mlinzi wa getini alitujua, akatupitisha. Kwenye dirisha la silaha shangazi alikuwa amesimama, mifuko ya suruali imegeuzwa nje. Mtunza silaha alikuwa anaangalia chini ya meza kwa mara nyingine. Mkuu wa zamu alikuwa pembeni, na mkanda wa shangazi tayari uko juu ya meza.

"Habari za kazi," Fundi akasema. "Nimeleta kitu cha Afande, kilikuwa kwenye bitana ya koti lake."

Mtunza silaha akachungulia koponi, akaitoa risasi, akaiweka kwenye trei. Akashusha pumzi. "Hesabu imetimia, mkuu."

"Imetimia," mkuu wa zamu akasema. Hakuwa mtu mbaya, ila hakuwa mjinga. "Sasa mama, niambie. Risasi ilifikaje kwenye koti badala ya kukaa kwenye magazini?"

Shangazi akairudisha mifuko ya suruali ndani, mmoja baada ya mwingine.

"Basi jaza," mkuu akasema taratibu. "Zote. Halafu utoe, nione."

Akajaza, akiegemea meza kama kawaida yake. Akaigeuza magazini, akaweka gumba kwenye risasi ya juu, akasukuma. Haikwenda. Akabadilisha mkono, haikwenda. Wale vijana wa magodoro walikuwa kwenye foleni, wanaona yote. Fundi akavua kiganjani kile kigozi chake cha kusukumia sindano kwenye nguo nzito, akampa mkewe.

"Jaribu na hiki, Afande."

Kwa kigozi risasi ya kwanza ikatoka. Ya pili ikatoka. Kwenye inayofuata nilimwona anauma meno, jasho linamshuka, risasi haisogei. Nilitamani nimpokonye ile magazini niitupe mbali.

Akaiweka mezani.

"Mkuu, kidole kimekataa," akasema. "Kimekataa muda mrefu. Nilikuwa nalinda na magazini nusu, na hawa wenzangu wanajua niko nyuma yao kamili. Ingetokea siku ya kutokea, ningewaponza." Akausukuma mkanda upande wa mtunza silaha kwa mkono wake mwenyewe. "Niwekeni getini."

Mkuu wa zamu akakubali kwa kichwa. Yule kijana wa magodoro akaja kuikamata ile magazini iliyobaki na risasi, akamwangalia mtunza silaha, na kwa mara ya kwanza pale dirishani mtu akaruhusiwa kumtolea mwenzake.

Tulirudi dukani. Fundi akamalizia bitana wakati mimi naokota vifungo sakafuni, kisha akampa mkewe koti avae. Shangazi akalivaa, akashika kifungo cha kwanza, kikaingia kwenye tundu lake bila shida. Akasimama hapo. Akakitoa, akaligeuza lile tundu kwenye mwanga.

"Fundi," akasema. "Mimi nilidhani matundu yamechakaa."

Nikasogea kuangalia. Matundu yote ya lile koti yalikuwa yamekatwa mapana na kuzungushiwa uzi upya, mshono mwembamba, rangi ileile. Akafunua kola ya shati alilovaa ndani. Nalo hivyo hivyo.

"Tangu lini?"

"Tangu ulipoanza kuniachia machungwa nikumenyee," Fundi akasema, akipanga sindano zake. "Wewe hujawahi kumwachia mtu chungwa."

"Mbona hukusema?"

"Sharti nililiweka mimi, kwamba ya kazini yabaki kazini. Nikawa nasubiri ulivunje wewe. Nikaona unachelewa, nikapanua matundu."

Shangazi akakaa kwenye kiti changu akalia, kwa sauti, wala hakujificha, na mimi nikainamia vifungo vyangu maana macho yangu nayo hayakuwa salama. Alipomaliza alisimama, akajifuta uso kwa mkono wa koti, akamsogelea mumewe.

"Haya, nifunge," akasema.

Kwa upana wa yale matundu angeweza mwenyewe. Akainua kidevu, akateremsha mikono, na Fundi akamfunga vifungo vyote hadi cha juu.