Mwaka Nilioogopa Kuitaja Sadaka Yangu

Binti yangu alikuja Jumamosi asubuhi na kompyuta yake begani kunisaidia kujaza ritani ya kodi. Ilikuwa Julai, ile baridi kavu ya Johannesburg inayopasua midomo, na kwa kuwa lifti ya jengo letu hapa Berea haikuwa ikifanya kazi, alifika juu akihema. Alinikumbatia, akaiweka kompyuta kwenye meza ya chakula, akauliza kama kuna chai. Amezaliwa hapa. Kiswahili anakielewa chote ila hujibu kwa Kiingereza, na mazungumzo yetu yamekwenda hivyo tangu akiwa mdogo.

Mimi nilikuwa muuguzi. Nilitoka Tanga nikiwa bado msichana, nikaja kumfuata mume wangu, nikasoma na kufanya kazi kwenye wodi za mji huu mpaka nilipostaafu. Akiba yangu ya uzeeni iko kwenye mfuko wa kampuni moja. Kila mwezi wananitolea sehemu, wakishaikata kodi, na katika sehemu hiyo benki inapeleka kiasi kwenye nyumba moja ya kulelea wazee iliyo mtaa wa pili kutoka kwangu. Niliwahi kuwaomba wale wa mfuko wakipeleke wenyewe moja kwa moja, wakanijibu kwamba hawana utaratibu huo, lazima fedha ziingie kwangu kwanza. Basi ikawa hivyo, na sikuwa nimemwambia mtu zaidi ya binti yangu.

Nyumba yenyewe inaendeshwa na mama mmoja kutoka Bukavu, aliyekuwa fundi cherehani kabla ya kuanza kuchukua wazee wasio na ndugu. Wengi wao ni wageni kama sisi. Mmoja ni mzee wa Tanga aliyekuja mji huu pamoja na marehemu mume wangu. Waliuza vitambaa pamoja mtaa wa Alexandra, na katika zile fujo za 2008 za kuwafukuza wageni chumba chake kilichomwa moto na karatasi zake zote za ukaaji zikateketea. Hakuwahi kupata nyingine. Alipopigwa na kiharusi, mume wangu akiwa ameshatangulia, mimi ndiye niliyempeleka kwa yule mama. Ndiyo maana nilianza kutoa, na ritani hii ilikuwa ya kwanza tangu nianze.

Programu ya kodi ilianza vizuri. Binti yangu aliingiza cheti nilichotumiwa na mfuko, tarakimu zikajipanga zenyewe, na mimi nikamimina chai. Kisha likatokea swali: je, katika mwaka huu ulitoa mchango kwa taasisi iliyoidhinishwa?

"Jibu ndiyo," alisema binti yangu. "Una haki ya kupunguziwa kodi, Mama. Watakurudishia kitu."

Alibonyeza, na visanduku vikafunguka chini yake. Jina la taasisi. Namba ya idhini. Mahali ilipo. Hapo kwenye anwani nikakiweka kikombe changu chini.

"Hii anwani wanaitaka ya nini?"

"Kujua kwamba ipo kweli."

"Na wakitaka kwenda kuiona?"

Alinitazama. "Hao ni watu wa kodi, Mama. Hawahusiani na uhamiaji."

Yeye ana kitambulisho cha nchi hii tangu siku aliyozaliwa. Mimi nimesimama foleni za ukaaji miaka mingi, nimeona watu wakiingia kuuliza jambo dogo na kutoka wamefungwa pingu. Kwangu mimi serikali ni nyumba moja yenye milango mingi, na sijui nani anaongea na nani humo ndani. Niliona kama ninaandika kwa mkono wangu mwenyewe mahali anapolala yule mzee. Nikamwambia binti yangu ajibu hapana.

Hakugombana na mimi. Alibadilisha jibu, visanduku vikajifunga, lakini hakuituma ritani. "Kaongee na yule mama kwanza," alisema akifunga kompyuta. "Nitarudi wiki ijayo. Eish, Mama, hujala hata mkate wako."

Nilikwenda siku hiyo hiyo baada ya adhuhuri. Mama mwenye nyumba alikuwa uani nyuma ya jiko akianika mashuka, na nilimweleza huku nikimsaidia kuyakunjua, kwa sababu sikuweza kumtazama usoni. Nilimwambia sitaki kurudishiwa chochote, nataka tu wazee wake wasije wakasumbuliwa kwa ajili yangu.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwa Kiswahili chake cha Bukavu, polepole, "Mama, jina lako liko kwao tayari. Kila mwaka mimi natuma orodha ya wote wenye kutoa. Ni sheria ya ile idhini. Kama mimi nasema umetoa na wewe unasema hapana, sasa hapo ndipo watauliza."

Nilibaki na shuka mkononi. Muda wote nilidhani sadaka yangu iko kati yangu na Mungu na benki.

"Na wewe huogopi?" nilimuuliza.

"Naogopa. Siku ya kutuma silali na sili. Mume wangu anajua, siku hiyo hanipikii." Alipachika kibanio kwenye kamba. "Lakini bila ile idhini sipati michango, na bila michango nitawarudisha wapi hawa?"

Jumamosi iliyofuata binti yangu alirudi, tukajibu ndiyo, tukajaza kila kitu pamoja na anwani, tukapakia na cheti cha mchango ambacho yule mama alinipa. Binti yangu alinitaka nibonyeze mwenyewe kitufe cha kutuma. Nilibonyeza, kisha nikaenda kuosha vikombe vilivyokuwa safi.

Jibu lilikuja kwenye simu kabla hajaondoka: ritani yangu imechaguliwa kuhakikiwa, nisubiri. Binti yangu alisema ni kawaida, hata yeye imewahi kumtokea. Sikumwamini. Kuanzia hapo simu ikilia nashtuka. Nilipika ubwabwa nikasahau chumvi, nilisali na kupoteza hesabu ya rakaa.

Haukupita muda, nikiwa natoka dukani, nikaona gari la manispaa limeegeshwa mbele ya ile nyumba. Watu wawili, mwanamke na mwanaume, waliovaa makoti ya rangi ya machungwa walikuwa mlangoni na makaratasi, mmoja akinyoosha kidole madirishani. Nilisimama pale kwenye robot, taa za kuongozea magari. Taa ikawa kijani, ikawa nyekundu, nami bado nimesimama, watu wananipita. Nilijisemea kwamba nimewaleta mimi. Nilifikiria kurudi nyumbani, na ukweli ni kwamba miguu ilishageuka. Kisha nikafikiria yule mzee hawezi kukimbia, hata kuketi anasaidiwa, na kwamba wakimuuliza jambo ataanza kulia kwa sababu tangu kiharusi machozi humtoka bila yeye kutaka. Nikavuka.

Mama mwenye nyumba alikuwa koridoni, uso umemkauka. Yule mwanamke wa manispaa alinigeukia na kuniuliza mimi ni nani. Nikamwambia mimi ni muuguzi mstaafu, nawasaidia wazee wa hapa. Sauti yangu ilitoka kama zamani wodini, sijui ilitokea wapi.

"Vizuri," alisema. "Basi wewe utanielewa. Tunakagua usalama wa moto kwenye majengo yote ya mtaa huu. Mlango wa nyuma mmeufunga kwa kabati. Usiku moto ukitokea, hawa wa vitandani mnawatoaje?"

Niliwatangulia kuwafungulia milango. Waliingia kila chumba. Kwa yule mzee, mwanaume wa manispaa alimsalimu kwa Kizulu, akapima upana wa mlango, akaandika, akatoka. Hakuna aliyeuliza karatasi ya mtu. Walitaka mtungi wa kuzimia moto ubadilishwe na kabati liondolewe, wakasema watarudi kuangalia. Gari lilipoondoka, mama mwenye nyumba alikaa kwenye ngazi, akavua kitambaa cha kichwa na kujifutia uso.

"Nilidhani ni wewe," alisema.

"Hata mimi nilidhani ni mimi," nilimjibu.

Hatukucheka, ingawa tungeweza.

Kodi ilikuja kumalizika bila kelele. Walinitaka niwapelekee taarifa za benki kuonyesha fedha zilivyotoka, binti yangu akazipakia, na baada ya wiki kadhaa ukaja ujumbe kwamba mchango umekubaliwa. Nilimsomea binti yangu kwenye simu mara mbili. Alisema, "Sharp, Mama," yaani safi, akaongeza kwamba mwaka ujao nijaze mwenyewe. Nimejaza mwenyewe tangu hapo, na siwezi kusema kwamba nimezoea. Nikifika kwenye lile swali, bado huinuka kwanza kuosha vikombe.

Kabati tuliliondoa siku ileile ya ukaguzi, mimi, yule mama na mume wake. Lilikuwa zito na limejaa mablanketi. Nyuma yake mlango ulikuwa umevimba, ukafunguka kwa kusukumwa na bega, na jua la mchana wa baridi likaingia koridoni mpaka kwenye kizingiti cha chumba cha mzee.

"Walitaka nini wale?" mzee aliniuliza kutoka kitandani. Maneno yake hutoka yamepinda, lakini lafudhi ya kwetu bado imo.

"Walitaka mlango huu ufunguliwe."

Alitazama ule mwanga kizingitini. "Basi nitoe nje."

Tulimweka kwenye kiti cha magurudumu, tukampitisha. Alikaa uani katikati ya mashuka yaliyoanikwa, macho ameyafumba juani, na alipohisi nataka kumrudisha ndani alishika gurudumu kwa ule mkono wake mzima.